Bakapu Tatu, Kabati Moja

Juzi nimefukuzia kumbukumbu zangu za miaka sita kwenye ofisi moja, nikaambiwa hazipo. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira, ukaunguza kila kitu. "Na bakapu tulikuwa nazo tatu, kaka," dada wa kaunta akanihakikishia, kama vile hiyo ndiyo pole yenyewe.

Nikaomba kuziona hizo nakala tatu za akiba. Kabati la chuma. Ndani seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi, juu ya seva diski mbili zimelaliana, na zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyofungwa selotepu nyeusi. Harufu ya plastiki iliyoungua bado imo.

Jamani, hiyo ni bakapu moja iliyovaa nguo tatu!

Kabla hujaniambia una nakala ngapi, niambie zinatumia nini kwa pamoja. Umeme? Paa? Funguo? Hata diski zilizonunuliwa siku moja kutoka boksi moja hazipaswi kuaminiana, maana zikitoka kiwandani na kasoro zitakuwa nayo zote. Waliotengeneza Hadoop, programu ya kutunza data kwenye seva nyingi, walilijua hili zamani: kwa kawaida kila kipande cha data kina nakala tatu, na mfumo ukishajulishwa seva ipi iko raki ipi (yaani fremu ya kupangia seva), hauziachi zote kwenye raki moja. Ceph, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo unaichorea ramani, diski hii iko seva ile, seva ile iko chumba kile, halafu inatawanya yenyewe. Vyote hivyo ni vya bure.

Wakubwa nao hawajapona. Machi 2021 jengo la OVH, kampuni ya kukodisha seva, liliteketea kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo waliolipia bakapu wakagundua ilikuwa palepale kwenye moto. Septemba 2025, Daejeon, Korea Kusini, moto wa betri ukala terabaiti 858 za mafaili ya watumishi wa serikali. Nakala ya nje haikuwepo. Eti data ilikuwa kubwa mno. Kubwa mno kunakiliwa, ila si kubwa mno kuungua.

Kisa ninachokipenda ni cha UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia. Walijipanga, data zao zikakaa kanda mbili za Google Cloud, huduma ya Google ya kukodisha seva mtandaoni. Mei 2024 kosa la kupanga mipangilio upande wa Google likafuta data zao kanda zote mbili, kwa sababu zote zilikuwa chini ya usajili mmoja. Miongoni mwa vilivyowaokoa ni bakapu waliyoiweka kwa kampuni nyingine kabisa. Kumbe hata usajili ni paa!

Haya, gharama zipo, nakubali. Seva ya mbali inakula hela, na kila sehemu unayoongeza ni mlango mwingine kwa mwizi, kwa hiyo ifunge data kwa msimbo wa siri kabla haijatoka. Ila ofisi yenye viyoyozi vitatu mapokezi isinililie bajeti.

Dada akaniomba nilete karatasi zangu halisi waziskani upya. Nikauliza safari hii zitawekwa wapi. Akanyoosha kidole kwenye kabati lile lile. Ekstensheni ilikuwa mpya.