Ranchi ya Mtindi: Mayonezi Si ya Lazima

Sosi ya ranchi, ile nyeupe yenye madoa ya majani makavu, sasa inaonekana Unguja katika mikahawa ya chipsi na kuku, kwenye rafu za maduka ya vyakula na hata juu ya meza za shughuli za nyumbani, ambako mtoto huchovya sambusa humo kabla hajaitazama chatne. Sina ugomvi na mgeni huyu. Ninachopinga ni imani iliyoingia pamoja naye, kwamba ranchi haiwezi kuwa ranchi bila ya mayonezi, na kwamba anayetaka kula kwa afya hana budi kuiacha kabisa au kununua chupa ghali iliyoandikwa kuwa ina mafuta kidogo. Kwa maoni yangu, jiko la Zanzibar lina vifaa vya kutengeneza sosi hii kwa namna iliyo bora kuliko ya chupa.

Asili yake ni Marekani. Steve Henson, aliyekuwa fundi wa mabomba huko Alaska kabla ya kununua shamba karibu na Santa Barbara, California, mwaka 1954, aliwaandalia wageni wake sosi ya maziwa machachu, mayonezi, vitunguu na majani yenye harufu. Wageni waliipenda kiasi cha kutaka kuondoka nayo, naye akaanza kuuza viungo vikavu katika pakiti, mnunuzi akichanganya maziwa na mayonezi mwenyewe nyumbani. Mwaka 1972 kampuni ya Clorox, inayojulikana zaidi kwa dawa ya kung'arishia nguo, ililinunua jina la Hidden Valley Ranch, lililokuwa la shamba hilo na sosi yake, kwa dola milioni 8, na katika miaka ya 1980 ikaja chupa inayoweza kukaa dukani bila ya friji. Katika sosi ya chupa mafuta ya mimea yametangulia na maziwa yamerudi nyuma, na katika chupa nyingi kiungo cha kwanza kinachotajwa ni mafuta ya soya.

Matokeo yake yanasomeka kwenye lebo. Vijiko viwili vya chakula vya ranchi ya kawaida ya chupa vina kalori 130 hivi, karibu zote zikitokana na mafuta, pamoja na sodiamu ipatayo miligramu 260. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikie miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, kwa hiyo vijiko hivyo viwili peke yake vinakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho. Na nani humwaga vijiko viwili tu?

Sisi tunaokula biriani kwa mtindi pembeni tunajua tangu utotoni kwamba uchachu wa maziwa hukata uzito wa mafuta na kuubembeleza ukali wa pilipili. Mtindi ule ukitiwa kitunguu thomu, kotimiri na ndimu umeshafika nusu ya njia kuelekea ranchi. Kinachokosekana ni uzito, na uzito huo hauhitaji mayonezi, unahitaji kitambaa.

Chukua nusu lita ya mtindi usiotiwa sukari, na hapa ni lazima kusoma lebo, kwa sababu mtindi mwingi wa vikopo una sukari na vanila. Uweke katika kitambaa safi cha melimeli, ukitundike juu ya bakuli ndani ya friji kwa saa tatu au nne, mpaka maji yachuruzike na mtindi ubaki mzito wa kushika kijiko. Maji yake usiyamwage, kwani yanafaa sana kwa kukandia unga wa chapati. Ponda punje moja ya kitunguu thomu pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi, kisha kwaruza kipande kidogo cha kitunguu maji, ukikamue, na uviloweke vyote viwili katika maji ya ndimu kwa dakika kumi ili ukali upungue. Changanya na mtindi, tia kotimiri na majani ya kitunguu yaliyokatwa mno, pilipili manga iliyosagwa papo hapo, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya zaituni. Iache katika friji kwa saa moja kabla ya kuila.

Wamarekani hutia pia majani membamba ya mmea unaoitwa dill kwa Kiingereza, yenye harufu inayokaribiana na shamari. Ukiyapata, yatie, usipoyapata, nanaa kidogo inatosha, japo ladha itaelekea kwetu zaidi, jambo ambalo mimi silioni kuwa ni dosari.

Mafuta yale ya zaituni nayatetea. Mwili huhitaji mafuta kidogo ili ufyonze vizuri rangi za karoti na mboga za majani ambazo huzigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo sosi isiyo na mafuta kabisa inaifukarisha saladi yenyewe. Kwa hesabu yangu ya jikoni, vijiko viwili vya sosi hii vina kalori zisizofika 50, na sodiamu yake ni chini ya theluthi ya ile ya chupa. Wako wanaopendekeza tui zito badala ya mayonezi. Nazi naipenda, lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba, ambayo huongeza lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Tui libaki kwenye mchuzi wa pweza.

Mayonezi ya kutengeneza nyumbani yana tatizo jengine, nalo ni yai bichi katika joto letu. Aliyekuwepo Unguja wakati wa kiza cha miezi mitatu, kisiwa kilipokosa umeme, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kuelezwa kwamba friji si ya kutegemewa daima. Hata sosi hii ya mtindi huliwa ndani ya siku tatu, na umeme ukikatika kwa saa nyingi, imwage.

Jengine ni kile inacholiwa nacho. Juu ya chipsi zilizojaa mafuta haitaleta tofauti kubwa, lakini kwa tango, karoti, figili, mhogo wa kuchoma au changu wa mkaa inafanya kazi yake hasa. Asiyeweza kuachana na mayonezi kwa mara moja na atie kijiko kimoja cha chakula katika bakuli zima. Ladha ataipata, na wiki inayofuata atie nusu yake.