Mwambieni Mfiwa Kaburi Lina Muda Gani

Asubuhi ya mazishi ya shangazi yangu, mimi na binamu yangu tulitangulia makaburini kuhakikisha kwamba kaburi limekwisha kuchimbwa, tukawakuta wachimbaji wawili wakiwa bado wamefika kiunoni. Haukupita muda chepe likagonga kitu kilichotoa mlio wa ubao mkavu. Mchimbaji akainama, akapangusa udongo kwa kiganja, na ukajitokeza ukingo wa jeneza pamoja na mshikio wake ulioliwa na kutu. “Hapa pana mtu, mzee,” alimwambia msimamizi kwa sauti ya chini, kana kwamba alichelea kumwamsha. Msimamizi hakushtuka hata kidogo. Alijibu, “Fukia, sogea kushoto kidogo,” kisha akarudi kivulini kuendelea na simu yake.

Jeneza halikuniudhi kama ulivyoniudhi utulivu wake, kwa maana ulikuwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Yule aliyelala pale alizikwa na watu wake, akalipiwa, akaandikwa mahali fulani. Leo halmashauri ileile inaliuza eneo lake kama ardhi tupu, na ikigundua kosa inasogea kushoto.

Kifo ndicho kitu kinachotabirika kuliko vyote ambavyo halmashauri inavihudumia. Hakuna ajuaye nani atakufa lini, lakini idadi ya watu, umri wao na vifo vilivyosajiliwa miaka iliyopita vinatosha kukadiria ni makaburi mangapi yatahitajika miaka 20 ijayo. Kaburi la mtu mzima, pamoja na nafasi ya kupita, huchukua takriban mita 3 hadi 4 za mraba, nayo hekta moja ina mita 10,000 za mraba. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Hata hivyo kila makaburi yanapojaa, viongozi wetu hushangaa kwa dhati kabisa, kama kwamba watu wameanza kufa mwaka huu.

Sipingi kaburi kutumika tena. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua wapo watakaodhani nataka kila maiti ipewe ardhi yake hadi mwisho wa dunia, jambo ambalo hakuna mji unaoliweza. Ninachopinga ni kulitumia tena kimyakimya. Nchini Ujerumani familia hukodi kaburi kwa muda unaojulikana, mara nyingi miaka 20 hadi 30, na muda ukiisha huamua kama itaongeza au italiachia. Singapore iliweka kikomo cha miaka 15 tangu 1998, na baada ya hapo mabaki hufukuliwa kwa utaratibu ulioandikwa. London nako, sheria ya mwaka 2007 iliziruhusu halmashauri kufukua mabaki katika makaburi yenye zaidi ya miaka 75, kuyazika chini zaidi na kuzika mwingine juu yake, lakini baada ya kutoa notisi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mtu anaweza kuuchukia utaratibu huo, lakini hawezi kusema kwamba alidanganywa.

Tena muda huo haupangwi kwa kubahatisha ofisini. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji huchelewesha mwili kuoza, hivyo miaka inayotosha katika ardhi ya kichanga huenda isitoshe kwingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wanorwe walikuwa na mazoea, yaliyodumu miongo kadhaa, ya kufunga maiti kwa plastiki kabla ya kuzika, wakiamini wanafanya usafi. Muda wa kuyatumia makaburi yale tena ulipofika, miili ilikutwa bado haijaoza. Anayepanga makaburi anafanya uamuzi leo, na matokeo yake atayakuta mrithi wake wa tatu ofisini.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba si rahisi kwa karani kumtazama mtu aliyefiwa jana na kumwambia kwamba mama yake atalala pale miaka 25 tu. Ni neno zito. Lakini je, si zito zaidi kwa mtoto kurudi na maua, akakuta jiwe lenye jina la mtu asiyemjua, na rejista imeraruka ukurasa?

Kuna wanaosema jawabu ni kuchoma maiti, na kwa ardhi hawakosei: Japani karibu wote huchomwa, na Uingereza ni zaidi ya robo tatu. Ila tanuri nalo linahitaji mpango, kwa kuwa linakula nishati ya kufikia nyuzi 800 hadi 1,000 kwa zaidi ya saa moja kwa kila mwili, na lina kikomo chake. Mwezi Machi 2020, wakati wa korona, tanuri la Bergamo nchini Italia lilielemewa, magari ya jeshi yakabeba majeneza kuyapeleka miji mingine. Kuhusu uwazi, halmashauri ya Redditch nchini Uingereza ilijadili hadharani mwaka 2011 kama joto la tanuri lake lipashe bwawa la kuogelea. Watu walikasirika, wakasikilizwa, na wazo hilo likapitishwa. Kununua shamba jingine mbali na mji, ambalo ndilo wazo pekee la madiwani wetu, ni kuahirisha tatizo na kuwabebesha wafiwa nauli.

Shangazi tulimzika kushoto kidogo. Stakabadhi yake iko mezani kwangu ninapoandika haya: ina jina lake, namba ya kaburi, kiasi tulicholipa, tarehe na muhuri. Namba hiyo ni ya shimo lililofukiwa. Muda haukuandikwa popote.