Mabao 18 katika mechi 722

Desemba 2025, siku Inter Miami ilipoifunga Vancouver Whitecaps mabao 3-1 na kutwaa ubingwa wa ligi ya Marekani, Sergio Busquets alitundika daluga akiwa na umri wa miaka 37. Katika kibanda umiza ninakokwenda kutazama mpira mtaa wa Chang'ombe, hapa Dodoma, mazungumzo ya wiki ile yalikuwa ya Lionel Messi peke yake, na nilipomtaja kiungo huyo, kijana mmoja aliniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, si yule aliyekuwa akitembea tu uwanjani?" Sikumlaumu, kwa kuwa swali hilo ndilo ambalo makocha wetu wengi wa vijana hulijibu vibaya kila unapofika wakati wa mchujo.

Kwa mizani tuliyoizoea, kijana yule alikuwa na haki. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2023 Busquets aliichezea Barcelona mechi 722 akafunga mabao 18. Timu ya taifa ya Hispania aliichezea mechi 143 akafunga mabao mawili. Hakuwa na mbio, hakuwa na shuti kali, na umbo lake jembamba halikumtisha mtu. Hata hivyo aliondoka na mataji tisa ya ligi ya Hispania, matatu ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Kombe la Dunia la 2010 na ubingwa wa Ulaya wa 2012. Mtu anaweza kubebwa na wenzake msimu mmoja au miwili, lakini habebwi miaka 15.

Kinachonivutia zaidi ni namna alivyoingia. Msimu wa 2007/08 alikuwa daraja la nne la soka la Hispania, katika timu ya pili ya Barcelona iliyofundishwa na Pep Guardiola, ambaye enzi zake alicheza nafasi hiyohiyo ya kiungo wa kukaba, yaani namba sita. Guardiola alipokabidhiwa timu kubwa alimpandisha, ingawa namba sita ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Yaya Touré wa Ivory Coast, ambaye sisi tuliokuwa tukimshangilia kutoka huku tulimwona hana mpinzani. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2009 mjini Roma, Touré alipangwa beki wa kati kwa sababu mabeki walikuwa wamepungua, na kijana wa miaka 20 akasimama katikati ya dimba. Mwaka uliofuata Touré akahamia Manchester City, ambako msimu wa 2013/14 alifunga mabao 20 ya ligi. Nakiri kwamba nilimchukia Guardiola kwa muda. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Touré aliweza mambo mengi, ilhali timu ile ilitaka mtu wa kufanya jambo moja bila kulichoka.

Jambo lenyewe ni kupokea mpira ukiwa umezungukwa na kuutoa kabla hujaguswa. Pasi ikiwa bado njiani, Busquets alikuwa amekwisha kugeuza shingo mara mbili au tatu, akajua adui anatokea bega lipi na mwenzake yupi yuko huru. Mara nyingi aliugusa mpira mara moja tu. Akibanwa, aliuvuta kwa unyayo na mkabaji akapita peke yake. Mpira ukipotea, alikuwa tayari amesimama pale ambapo pasi ya kwanza ya wapinzani ingepitia, na ndiyo maana hakuhitaji kukimbia. Mtazamaji anayeufuata mpira kwa macho hawezi kuiona kazi hii, kwa sababu sehemu yake kubwa huwa imekwisha mpira unapofika. Hispania ilipofungwa 1-0 na Uswisi mjini Durban katika mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia la 2010, wapo waliotaka mmoja kati ya Busquets na Xabi Alonso aondolewe kwa kuwa viungo wawili wa kukaba walionekana kuwa wengi mno. Kocha Vicente del Bosque akawabakiza wote wawili, na siku 25 baadaye Hispania ikawa bingwa wa dunia.

Simfanyi kuwa malaika. Alicheza pembeni mwa Xavi na Andrés Iniesta, na timu ilipozeeka, wapinzani wakapata nafasi pana ya kukimbilia, uzito wa miguu yake ulionekana wazi katika vipigo vya Barcelona Ulaya: kutoka kwa klabu ya Roma mwaka 2018, Liverpool 2019, na yale mabao manane ya Bayern Munich mwaka 2020. Kiungo wa aina hii anahitaji timu iliyojipanga karibukaribu.

Sasa mlete Busquets wa miaka 14 hapa Dodoma. Viwanja vingi vya shule zetu ni ardhi ngumu yenye changarawe, ambayo huigeuza pasi ya chini kuwa bahati nasibu. Mashindano ya shule hufanyika katikati ya mwaka, upepo wa kipupwe ukivuma, na timu iliyopata upepo mgongoni hupiga mpira mrefu kutoka kwa kipa hadi kwa washambuliaji, huku kiungo akiinua kichwa kuutazama ukimpita angani. Kwa mazingira hayo simshangai kocha anayependa mbio na nguvu. Ninachomlaumu ni kupima mbio na nguvu peke yake hata siku ya mchujo, siku ambayo angeweza kuchagua kiwanja kidogo kilichosawazishwa na kuwaacha watoto wacheze watano kwa watano.

Katika mchujo mmoja nilioalikwa kusaidia, watoto walikimbizwa kwanza, kisha wakapewa dakika 20 za kucheza. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, mrefu na mwembamba, alikuwa akitazama nyuma kabla ya kila pasi, na katika dakika zile nilimhesabia amepoteza mpira mara mbili tu. Nilipolitaja jina lake, mwenzangu aliyeshika daftari alitikisa kichwa. "Mwalimu, huyu mvivu. Tazama jezi yake, haina hata jasho." Nilibishana naye mpaka jua likazama, na tukakubaliana mtoto abaki kwenye orodha. Nilipokwenda kuwatazama mazoezini wiki mbili baadaye, nilimkuta amepangwa winga ya kulia, ili, kama nilivyoelezwa, ajifunze kukimbia.