Nagonga Kuta za Watu

Mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo, na maji ya bomba nayavizia alfajiri kama mwizi. Nikasema basi, nanunua changu. Hapa Mafinga msitu wa Sao Hill tunaupumua, malori ya mbao yanapita kutwa, nikajua nyumba ni bei ya kutupa. Jamani!

Dalali akadai elfu 20 za kuona. Si za kununua, za kuona. Na macho ni yangu.

Ya kwanza tofali za kuchoma, plasta, rangi ya maziwa, inang'aa kama bwana harusi. Mama Neema ni mtu wa Rufiji. Kwake nyumba ya mbao ni banda la kuku. Akaipenda papo hapo. Mimi nikagonga ukuta, ukaitika kama debe. Nikachokoa kidogo tu na ufunguo wa pikipiki, mchanga ukanimwagikia kiatuni kama nimetoboa gunia. Mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, fundi kauvuta sijui mpaka choo cha jirani! Chini ya plasta tofali zimeshikana kwa udongo.

"Bosi, usikwangue nyumba za watu," dalali akanuna.

Hiyo ndiyo kero yangu na tofali: inajipaka poda. Mbao ikioza, inaoza mbele yako.

Ya pili sasa. Mbao za misindano zilizotiwa dawa, ina ule ukijani wake, imeinuliwa juu ya msingi wa mawe. Mchwa akiitaka atafute ngazi. Nje baridi ya Juni inang'ata masikio, ndani vuguvugu. Ile ya tofali ilikuwa jokofu lenye madirisha. Mama Neema akaingia ananyata kama anapanda mtumbwi.

"Baba Neema, na jiko la mkaa utaliweka wapi humu?"

Sikuwa na jibu. Nikajifanya napima dirisha. Akakaa kwenye kiti, akapata joto, akanyamaza. Tangu tuoane kanyamaza mara mbili, na ya kwanza alikuwa na jino.

Nikamvuta chumba cha ndani, nikamnong'oneza sikioni: "Tuanze na milioni 18. Akikaza sana, 20, hapo akiba imekwisha."

Upande wa pili wa ukuta, mzee mwenye nyumba akakohoa.

"Hiyo 18 msijisumbue nayo, wanangu. Tuandikishane tu 20."