Bwawa lipimwe kwanza, ndipo liitwe safi

Mjadala wowote wa nishati ukifika kwenye umeme wa maji, watu hushusha pumzi. Hakuna moshi wala masizi. Maji yanazungusha mitambo kisha yanaendelea na safari yake kuelekea baharini. Kwa hiyo kwenye ripoti, safu ya gesi joto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, inaandikwa sifuri, na mazungumzo yanahamia kwingine. Mimi nasema sifuri hiyo haina msingi, na kuendelea kuiandika ni kuuvisha umeme wa maji kilemba cha ukoka.

Tazama Balbina, bwawa lililojengwa kwenye Mto Uatumã katika msitu wa Amazon, nchini Brazil, na kuanza kujazwa maji mwaka 1987. Lilizamisha takriban kilomita za mraba 2,360, ikiwemo sehemu ya ardhi ya Wawaimiri-Atroari, wenyeji wa asili wa msitu huo, kwa ajili ya mitambo ya megawati 250 tu. Yaani kila megawati moja imemeza zaidi ya kilomita tisa za mraba. Eneo lenyewe ni tambarare, hivyo maji yalitanda badala ya kupata kina, na msitu ukazamishwa miti ikiwa imesimama. Vigogo vikavu vilibaki vimechomoza juu ya maji kwa miongo. Watafiti waliopima gesi za bwawa hilo walikuta kwamba, kwa kila uniti ya umeme, linachafua hewa kuliko mtambo wa makaa ya mawe.

Inakuwaje? Mti, nyasi na udongo vikifunikwa na maji huoza. Penye oksijeni, uozo huo hutoa kaboni dioksidi. Lakini bwawa la nchi za joto hujigawa matabaka: maji ya juu yenye joto huelea, na yale ya chini yaliyo baridi zaidi hukaa miezi mingi bila kuchanganyika nayo. Oksijeni ya chini ikishaliwa, hakuna inayoshuka kuchukua nafasi yake. Hapo ndipo viumbe wadogo wasiohitaji oksijeni wanaposhika kazi, nao hutoa methani, gesi inayopasha joto kuliko kaboni dioksidi. Wengi hudhani miti ya kwanza ikishaoza mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mto huleta majani na tope kila siku. Mbolea inayosombwa kutoka mashambani hustawisha mwani, ambao nao hufa na kuzama. Na kila kiangazi, maji yanapopungua, kingo zenye tope huota majani mabichi ambayo mvua zikirudi hufunikwa na kuoza upya. Mzunguko huo hauna mwaka wa kukoma.

Methani hiyo ina njia kadhaa za kutokea. Nyingine hupanda kama viputo kutoka kwenye tope, nyingine huyeyuka majini na kuponyoka taratibu juu. Iliyosahaulika kwa muda mrefu ni ile inayopitia mitamboni. Katika mabwawa mengi, tundu la kuingizia maji liko chini sana, mahali ambapo maji yameshiba methani kwa sababu ya mgandamizo. Yakitokea upande wa pili, mgandamizo huo huondoka ghafla na gesi hufoka kama soda inapofunguliwa. Kwenye bwawa la Petit-Saut, Guyana ya Kifaransa, lililoanza kujazwa mwaka 1994, maji yaliyotoka mitamboni yalikuwa na oksijeni kidogo na methani nyingi kiasi kwamba ilibidi kizingiti kijengwe mtoni, chini ya bwawa, ili maji yaporomoke na kupata hewa. Mto ulipata nafuu. Methani ilikwenda angani.

Kwa hiyo anayepima juu ya bwawa peke yake anapima nusu ya kisa. Hata hapo juu penyewe si kazi rahisi. Watafiti huning'iniza faneli iliyogeuzwa kichwa chini, mdomo mpana ukitazama kitakoni, na chupa juu yake inayokusanya viputo vinavyopanda. Ukiiweka mahali pasipo na viputo, unarudi na chupa tupu na kusema bwawa ni safi. Katika Ziwa Kariba, kwenye Mto Zambezi, viputo vilionekana kuwa vingi hasa karibu na midomo ya mito inayoingia, ambako mashapo hutua. Vipimo viwili vitatu vya katikati ya ziwa haviwezi kuliona hilo.

Sisemi mabwawa yote ni Balbina. Itaipu, mpakani mwa Brazil na Paraguay, ina megawati 14,000 kwa ziwa la takriban kilomita za mraba 1,350, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Ni kweli pia kwamba ardhi nyingine, hasa vinamasi, ilikuwa ikitoa methani kabla ya kufunikwa na maji ya bwawa, na ni haki kuitoa hiyo kwenye hesabu. Lakini nchi ya baridi si kinga: Ziwa Wohlen nchini Uswisi, bwawa dogo kwenye Mto Aare, limewashangaza watafiti kwa wingi wa methani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la BioScience ulikadiria kwamba mabwawa ya kila aina duniani, pamoja na ya umwagiliaji na ya maji ya kunywa, hutoa gesi joto sawa na tani milioni 800 za kaboni dioksidi kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa methani.

Linaloniumiza zaidi ni suala la muda. Methani hukaa angani takriban miaka 12, lakini ndani ya miaka 20 nguvu yake ya kupasha joto ni zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi. Ukiitawanya kwa miaka 100 inashuka hadi karibu mara 28, na ripoti inapendeza. Ilhali bwawa hutoa gesi nyingi zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya kujazwa, miaka ileile ambayo tunaambiwa ndiyo ya kuokoa tabianchi.

Vipimo vipo. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuuza hati za kaboni, yaani hati za gesi joto iliyopunguzwa, ulikataa bwawa lenye chini ya wati 4 za mitambo kwa kila mita ya mraba ya maji. Balbina ina takriban 0.1. Mwongozo wa mwaka 2019 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, unaeleza namna ya kuhesabu gesi za ardhi iliyofurikishwa, na unatenganisha ile ambayo haijatimiza miaka 20 na iliyozidi hapo. Basi mkopo wa kujenga bwawa usitolewe kabla hesabu hiyo haijafanywa na wasio na maslahi katika mradi, ikihusisha na mto ulio chini ya ukuta. Na mabwawa yaliyokwisha kujengwa yapimwe mwaka baada ya mwaka, kisha idadi ya tani za methani itangazwe pamoja na megawati. Pale inapowezekana, maji ya mitamboni yachotwe kwenye tabaka la juu, na mbolea izuiwe kabla haijaingia mtoni.