Mzigo wa Uturuki

Mimi nina duka la nguo karibu na Makoroboi, kwahiyo nikisema naenda Uturuki hakuna anayeshtuka, wafanyabiashara wa Mwanza tunaenda Istanbul kama watu wanavyopanda kivuko cha Kamanga. Safari hii niliaga vizuri, wifi yangu akaniombea na dua kabisa, na kweli mzigo nikaja nao. Ila mwingine haukupita kwenye mabegi.

Yani nimenyonyesha watoto wawili, kila mmoja miaka miwili kasoro, nikatoka na ndala. Nikadunduliza hela yangu mwenyewe, nikaweka silikoni, mililita 300 kila upande, kama chupa ya soda kulia na nyingine kushoto, zimechomekwa chini ya msuli wa kifua. Aliyejua ni baba watoto tu, na yeye nilimwapisha.

Sa hakuna anayekuandaa kwamba siku za mwanzo vitu vinakaa juu. Juu kweli! Kama lile jiwe la Bismarck Rock, ukiinamisha kichwa kidevu kinagonga. Daktari alisema msuli ukilegea vitashuka vyenyewe taratibu, nihesabu miezi. Halafu vinapiga kelele. Wiki ya pili nikijigeuza kitandani ndani kunalia chwaa, chwaa, kumbe ni hewa na majimaji yanayobaki baada ya kupasuliwa, mwili unayanyonya taratibu yanaisha. Mimi niliambiwa, baba watoto hakuambiwa. Usiku mmoja akakurupuka, "Mama Junia, maji yametoka!" maana mtaani kwetu maji yanatoka usiku, akachukua tochi na ndoo mbili akaenda bombani. Akarudi baada ya nusu saa amenuna, eti wameshakata tena. Sikusema kitu. Na kucheka ndo siwezi, kifua kinauma.

Masharti nilipewa: kutembea ruksa toka siku ya pili, ila nisibebe kitu kinachozidi kilo mbili, nisinyanyue mikono juu ya mabega, nilale chali na mito, sidiria ya hospitali usiku na mchana, kukimbia mpaka wiki ya sita, na mazoezi ya kifua nisiyafikirie kabla ya miezi mitatu. Nikasema sawa daktari, nimeelewa daktari.

Tatizo ni wifi. Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, nyumba yake na yetu zinatazamana huku mlimani, haoni runinga anatuona sisi. Akaona kaka yake anabeba ndoo. Akaona kaka yake anaanika nguo kwenye kamba, na za kwangu zikiwemo. Akamaliza kwa kumwona ananisaidia kuchana nywele barazani. Basi ikaanza kusemwa mtaani kwamba nimeleta limbwata la Kituruki.

Wiki ya nne akaja mwenyewe asubuhi. "Wifi, toka umerudi huko umekuwa wa kulala chali tu, kulikoni? Jumamosi twende joging." Na yeye ndo mweka hazina wa klabu, unamkataliaje. Nikajipigia hesabu: kutembea ruksa, nitakaa nyuma kabisa na wale wazee wa presha, nitasingizia goti.

Jumamosi nikajifunga. Sidiria ya hospitali yenye zipu mbele, juu yake sidiria ya mazoezi, juu yake tisheti ya klabu, juu yake koti la traki nimevuta zipu mpaka shingoni. Jasho limeanza hata raba sijavaa. Tukaanzia uwanja wa Nyamagana, filimbi, mchakamchaka, tukashuka kuelekea ziwani, mimi nyuma na wazee mikono imebana mbavuni kama kuku yuko kwenye tenga. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu na wewe ni presha?" Nikamwambia ndiyo baba, ya kupanda. Sikudanganya sana.

Mpaka hapo mambo safi. Kaupepo ka ziwa kanapiga, nikaanza hadi kujisikia mwanamichezo. Ndo tukafika kwenye uwazi upande wa Capri Point, kocha akapuliza filimbi, duara, wote chini, pushapu kumi.

Nikaangalia goti langu la kusingizia. Nikamwangalia wifi. Wifi ananiangalia mimi, keshalala chini tayari, mama wa miaka 52, anasubiri tu nikatae ili akamalizie habari ya limbwata. Shetani akaninong'oneza, piga moja tu, ya magoti.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho vioo vyangu tu ndo vilikuwa vinajua. Silikoni ikiwa chini ya msuli, ukikaza kifua msuli unaibana, inakimbilia pembeni. Nyumbani nilishaona kidogo nikawa nacheka mwenyewe. Sa hapo nimeweka uzito wangu wote, nashuka, nasukuma... mama yangu weee! Ya kulia ikaenda kwapani kulia, ya kushoto ikaenda kwapani kushoto, kama watu waliogombana. Kitu kikavuta ndani, mikono ikakata, nikajibingirisha nikabaki chali naangalia mawingu.

Kuinuka siwezi. Nyumbani huwa natupa miguu kwanza nje ya kitanda halafu baba watoto ananisukuma mgongo. Pale hakuna kitanda, baba watoto yuko nyumbani anakoroga uji.

"Mayu wane, kaanguka!" Wifi huyo. Watu wakajaa. Mmoja anasema sukari, mwingine anasema ni majini ya ziwani, mama mmoja keshafungua chupa ya maji ananimwagia usoni. Halafu akatokea kijana wa bodaboda, anapasua watu, "Pisheni, nimesomea huduma ya kwanza!" Akapiga magoti. Akafumbata viganja vyake, akanyoosha viwiko, akavilenga katikati ya kifua changu.

Nilipiga kelele ambayo nadhani Kamanga waliisikia:

"USIGUSE MZIGOOO!"

Kimyaa. Kijana mikono iko hewani. Na katikati ya kile kimya, kutoka nyuma kabisa, sauti ya mteja wangu mmoja mwenye deni la magauni mawili: "Kumbe mzigo umefika?"

Wifi akaniangalia usoni. Macho yakashuka kifuani, yakarudi usoni, yakashuka tena, yakakaa hapohapo. Nikaona anaunganisha: chali, ndoo, kamba, nywele. Nikajua leo nimeumbuka mbele ya klabu nzima.

Akasimama, akashika kiuno. "Ana mimba changa huyu! Sogeeni apate hewa, mnashangaa nini?"

Wakasogea. Wakaanza kunipongeza, yule mzee wa presha akanipa mkono. Aisee.

Hospitali nikapigwa ultrasaundi, hakuna damu iliyojikusanya, hakuna kilichohama, msuli tu umevutika. Daktari, kijana mdogo kabisa, akaniuliza wiki ngapi, nikasema nne, akaandika kitu kirefu halafu akasema narudi kwenye kutembea tu, na hiyo klabu niiache kwanza.

Siku mbili wifi hakuja. Ya tatu akaingia na sato, akakaa kwenye kigoda jikoni akaanza kupara magamba, hasemi kitu. Akachungulia mlangoni. Akashusha sauti.

"Wifi, hebu fanya tena vile vinavyokimbia."

Nikamwambia siruhusiwi, mpaka miezi mitatu iishe.

Akaweka kisu chini, akafuta mkono kwenye kanga, akaanza kuhesabu kwa vidole.