Viti vya plastiki viacheni kwenye picha

Nimerudi kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, wiki tatu zilizopita, begi la kamera bado linanuka moshi, na kila ninayekutana naye anauliza picha ziko wapi. Picha zipo jamani, elfu mbili na kitu, ila nyingi nazionea aibu kuzitoa, na wala hazijaharibika, yaani zimetoka safi kupita kiasi na hapo ndo shida ilipo.

Ilikuwa warsha ya siku sita, wapiga picha tisa na mwalimu mmoja, kaskazini ya Kerala huko wilaya za Kannur na Kasaragod, tunafuata Theyyam. Kwa asiyejua, Theyyam ni ibada ya Wahindu wa sehemu zile, msimu wake unaanza kama Oktoba au Novemba unakwenda hadi Mei kabla masika yao hayajashuka, na aina zake wenyewe wanakwambia zinapita 400. Ukiiita ngoma tu unakosea kidogo, ngoma zipo, zile chenda zao zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka, lakini yule mtu haigizi mungu, akishavikwa taji akashikishwa kioo akajitazama basi kwisha, sasa ni mungu ndo anaongea. Mie mtu wa Tanga hili halikunipa tabu hata kidogo, pepo kupanda kichwani tumeliona toka tuko wadogo. Wenzangu kila saa wanauliza, lakini mwenyewe anajua kama ni yeye?

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kabla hakijaanza kitu. Mtu kalala chali kwenye mkeka ndani ya kibanda cha makuti, mwenzake kamuinamia anamchora usoni kwa kijiti cha chelewa, ile mishipa ya ukuti wa mnazi, amekichonga ncha mpaka kimekuwa kama brashi. Masizi kwa weusi, unga wa mchele kwa weupe, manjano, na ile nyekundu wanachanganya manjano na chokaa, hebu jaribu nyumbani uone inavyogeuka rangi palepale. Wenyewe wanaiita mukhathezhuthu, maandishi ya usoni. Inachukua masaa, aliyelala anasinzia kidogo, mtoto anakuja kumpungia nzi na gazeti.

Basi mwalimu wetu, fundi kweli simkatai, kauli yake ilikuwa moja toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho: safisha fremu. Ondoa taa za tyubu, ondoa viti vya plastiki, ondoa watu wenye simu, ingia karibu, fanya nyuma kuwe giza tupu, bakiza uso mwekundu na moto. Tukatii. Saa tisa usiku tumepanga mstari kama tunasubiri daladala, magoti kwenye vumbi, wengine wamewakalia mbele bibi zao wa pale kijijini waliokuja kuabudu (hilo la adabu sitalirefusha, mjukuu unamziba bibi asimuone mungu wake kisa lenzi, unajijua mwenyewe). Tulivyorudi hotelini tukafungua laptopu, picha tisa za watu tisa, ukizichanganya huwezi kujua ipi ya nani.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Wanaovaa hawa miungu ni watu wa jamii kama Vannan, Malayan, Pulaya, ambao kwenye matabaka ya kule waliwekwa chini, zamani mahekalu ya wakubwa walikuwa hawakanyagi. Mchana wengi wao ni vibarua wa kawaida tu. Usiku ule mwenye shamba anakuja mikono ameikunja kifuani, anainama mbele ya kibarua, anamweleza matatizo yake na kibarua anamshika mkono anamjibu kama mungu. Kuna mmoja anaitwa Pottan, huyo uso hachorwi, anavaa kinyago cha kuti la mpopoo na sketi ya makuti machanga ya mnazi halafu anajilaza juu ya makaa huku analalamika baridi, nyimbo zake zinamsimulia mtu wa tabaka la chini aliyemzibia njia mwanazuoni mkubwa Shankara akamuuliza, ukinikata si damu, nikikukata si damu ileile? Haya, wewe unapiga hiyo kitu nyuma umeweka giza, mwenye shamba umemkata, sasa umebakiza nini? Rangi.

Halafu mungu mwenyewe alinifuata. Nimejibanza pembeni nabadilisha betri, akaja, akanishika kiganja, akaongea Kimalayalam kirefu macho kwenye macho, akanitia unga wa manjano mkononi. Nikamuuliza jirani amesemaje. Amesema umetoka mbali, usiondoke bila kula. Kweli kulikuwa na wali kwa kila aliyefika, kwenye jani la mgomba, nikala kamera iko mgongoni na ndo nikaanza kuona vitu, jamaa wa jenereta analala kwenye waya zake, mabinti wanajipiga selfi, wazee wamekaa kwenye viti vyekundu vya plastiki wanabishana.

Alfajiri taji likashushwa, mungu akaondoka. Yule bwana akaketi, nusu ya uso bado mungu, nusu mpwa wake anaifuta kwa mafuta ya nazi na kitambaa, mkono mmoja kashika glasi ya chai na ule mwingine anajikanda goti. Nikampigia ishara kuomba ruhusa, akatikisa kichwa kwa ile namna yao, nikapiga tatu.

Kwenye kikao cha kuchambua picha mwalimu akaiangalia kama sekunde nne, akasema ungeinama kidogo hicho kiti kisingeonekana. Hiyo ndo pekee niliyoprinti. Kiti mguu mmoja umevunjika, wamekifunga kwa kamba ya kumbi.